Bembea Haina Nyuma

Nimelisikia shairi hili likighaniwa zaidi ya mara tano, na kila mara mghani alikuwa karibu kulia. Mara ya mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, sare imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, mikono kaikutanisha kifuani kama anayeomba dua. Alipofika mstari wa mwisho akapiga magoti. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mama mmoja mbele yangu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nami nilipiga makofi, maana mtoto alijitahidi. Ila moyoni nilikuwa nanung'unika: nani aliyemfundisha binti huyu kwamba mtoto wa kwenye shairi anaomba?

Shairi lenyewe ni fupi, halifiki mistari ishirini. Aliliandika Mmarekani mweusi, Langston Hughes, likachapishwa mwaka 1942. Anwani yake ni ile bembea ya duara yenye farasi wa mbao wanaopanda na kushuka kwenye vyuma huku muziki ukipigwa. Chini ya anwani mshairi ameweka maelezo ya maneno machache tu: mtoto mweusi kwenye maonyesho. Jina lake hatupewi, wala umri, wala kama ni wa kike au wa kiume. Anamwendea mwendesha bembea na kumuuliza sehemu ya weusi iko wapi, kwa sababu anataka kupanda. Kisha anajieleza. Kule Kusini mwa Marekani anakotoka, weupe na weusi hawakai pamoja. Kwenye treni weusi wana behewa lao. Kwenye basi wanawekwa nyuma. Lakini bembea haina nyuma! Sasa farasi wa mtoto mweusi yuko wapi?

Hapo shairi linakatika. Mwendesha bembea hajibu.

Ukilirudia polepole utashangaa kwa kisichokuwemo. Neno usawa halimo. Haki haimo. Chozi halimo hata moja. Wahakiki wengi wanalitaja kama shairi la mtoto anayetamani usawa wa rangi, na siwezi kusema wamekosea kabisa, lakini hamu pekee anayoitamka mtoto huyu kwa kinywa chake ni ya kupanda bembea. Usawa tumemwekea sisi mdomoni. Yeye anachotafuta ni mahali pake, apewe maelekezo, aende akakae, muziki uanze.

Mpe mwanafunzi wa sekondari mstari ule wa mwisho na pembeni ataandika "tashititi" au "swali la balagha", yaani swali lisilongoja jibu, na mwalimu atampa alama zote. Mimi ningemnyima nusu. Balagha ni ya mshairi. Nafsineni, yaani yule mtoto, anauliza swali la kweli na anangoja jibu la kweli, kama mtu anavyouliza foleni inaanzia wapi. Ukishaifanya sauti yake iwe ya kilio, umewachanganya Hughes na mtoto aliyemwumba, na nguvu ya shairi inavuja. Kwa sababu kinachouma hapa ni adabu. Mtoto ametii. Ameikubali sheria kama alivyoikuta, ameikariri vizuri kuliko askari, na sasa anajaribu kuitekeleza mahali ambapo haitekelezeki. Hakuna mwanaharakati ambaye angeweza kuiumbua sheria ile namna hiyo, maana mwanaharakati angekuja na hoja zake. Huyu kaja na tiketi.

Angalia pia mpangilio wa vyombo anavyovitaja. Anaanza na treni, na treni ndiko sheria yenyewe ilikopata muhuri. Mwaka 1892, Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, alipanda behewa la weupe kwa makusudi akakamatwa, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga watu si kuwabagua mradi huduma ziwe sawa. Kuanzia hapo majimbo ya Kusini yaligawa kila kilichogawika. Utaratibu wote ukabaki na jina la Jim Crow, ambalo awali lilikuwa jina la mhusika wa jukwaani: mwigizaji mzungu, Thomas Rice, alijipaka weusi usoni na kuwachekesha weupe wenzake kwa kumwigiza mtu mweusi. Yaani mfumo uliopanga nani akae wapi ulibeba jina la kichekesho. Hughes analitumia jina hilo katika mstari wa kwanza kabisa, na mtoto analitamka bila hasira, kama sisi tunavyotaja jina la kituo cha basi.

Baada ya treni anakuja na basi. Kumbuka ni 1942. Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, na baadaye Rosa Parks, watakataa kuachia viti vyao vya basi huko Montgomery, Alabama, mwaka 1955, miaka 13 baadaye. Treni na basi vina kitu kimoja: vinakwenda mbele, kwa hiyo vina mbele na nyuma. Jim Crow alihitaji mstari ulionyooka. Penye mstari, unaweza kuchora mpaka na kusema nyie mwisho hapa. Hata jumba la sinema, ambalo haliendi popote, lina chini na juu, na weusi walipelekwa roshani ya juu. Bembea ya duara imekataa. Farasi aliye mbele ya mwenzake ni huyo huyo aliye nyuma ya wote. Mtoto kagundua, kwa macho tu, kwamba sheria iliyowashughulisha majaji haina pa kukaa kwenye kifaa cha kuchezea watoto.

Katika Kiingereza cha shairi, neno la "nyuma" na neno la "mweusi" yanatofautiana kwa herufi moja, na Hughes ameyafanya kina. Basi la Kusini limemfundisha mtoto kwamba maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Kisha linakuja umbo moja la mviringo na kulifuta la kwanza, la pili linabaki likining'inia peke yake mwisho wa shairi. Neno la mwisho analotuachia ni rangi yake. Nadhani ndipo waghani wetu wanapopiga magoti.

Nimejaribu mara kadhaa kukitia kipande hiki katika Kiswahili, na kila mara lugha yetu inanifanyia jambo ambalo sikulitarajia. "Farasi wa mtoto mweusi." Nani mweusi hapo? Kwa sarufi anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa farasi, kwa sababu Kiswahili kimewaweka wote katika ngeli moja, ya viumbe wenye uhai, hata kama farasi mwenyewe ni wa mbao na rangi ya kopo. Mwanzoni niliiona kama kasoro nikajaribu kuikwepa. Siku hizi nadhani utata huo una mantiki yake, maana kwenye bembea farasi weusi na weupe wamepangwa kwa kuchanganywa na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Tatizo lililonishinda ni namna ya kumwita yule mwanamume. "Bwana" linabeba mengi mno. "Anko" linamfanya ndugu. Mtoto wa Kiswahili mwenye adabu angeanza na shikamoo, na shikamoo pale ingekuwa balaa.

Turudi kwenye hoja. Mtoto anasema anatoka Kusini, kwa hiyo sasa yuko mahali pengine, na kwa wasomaji wa 1942 mahali hapo ni Kaskazini. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walihama Kusini kwenda miji kama Chicago, Detroit na New York. Huyu ni mtoto wa wahamiaji hao. Huku alikofika hakuna vibao, na kukosekana kwa kibao ndiko kunakomtia wasiwasi. Wasomaji wengi hufasiri swali lake kama ushamba: maskini, hajui kwamba huku mambo ni huru. Mimi naona yeye ndiye anayejua zaidi.

Chukua Chicago. Jumapili ya tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akiogelea na wenzake kwenye Ziwa Michigan. Illinois, jimbo la Chicago, haikuwa na sheria ya kuwatenga watu ufukweni. Palikuwa na mazoea tu: weusi upande huu, weupe upande ule, na mpaka ukiendelea majini kana kwamba maji yanashika alama. Kijana akapelekwa na maji hadi upande wa pili. Mzungu mmoja aliyekuwa ufukweni akawarushia mawe, na Williams akazama akafa. Polisi aliyekuwepo akakataa kumkamata mtuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, 23 kati yao weusi.

Sasa msome tena mtoto anayeuliza kabla ya kupanda. Mpaka usioonekana ni hatari kuliko ule wenye kibao, kwa sababu unaugundua ukishauvuka. Kuna mzazi nyuma ya swali hili, mzazi aliyemwambia kila uendako uliza kwanza. Nikilisoma hivi, ile sauti ya kitoto ya uchangamfu inanitisha zaidi kuliko kilio chochote.

Na Hughes aliyajua haya tangu utotoni. Alizaliwa Joplin, Missouri, akalelewa zaidi na bibi yake huko Lawrence, Kansas, mji ambao haukuwa Kusini. Akiwa darasa la saba, mwalimu wake aliwahamishia wanafunzi weusi kwenye safu yao peke yao. Langston alichukua vikadi, akaandika juu yake kwamba hii ni safu ya Jim Crow, akaviweka kwenye madawati ya wenzake. Alifukuzwa shule, wazazi wakaja juu, akarudishwa. Hakusema kwamba safu ile inamwumiza. Alichofanya ni kuiwekea kibao ambacho mwalimu hakuwa na ujasiri wa kukiweka. Mtoto wa bembea ni ndugu wa mtoto huyo wa vikadi. Anachomtaka mwendesha bembea akifanye ni kukitamka kwa sauti kile ambacho watu wazima wanapenda kifanyike kimyakimya.

Ndiyo sababu nasita kuliweka shairi hili rafu moja na mashairi mengine ya mtoto mweusi anayetamani kukubalika. Maarufu kuliko yote ni lile la Mwingereza William Blake la mwaka 1789, wakati Uingereza bado inasafirisha watumwa. Humo mtoto mweusi anafundishwa na mama yake chini ya mti kwamba mwili ni wingu tu, litaondoka, na mbele ya Mungu wote watakuwa sawa. Ni shairi zuri na Blake alikuwa na nia njema. Lakini fuata mtoto anavyoendelea kuota. Akifika mbinguni, yeye ndiye atakayemkinga mtoto mzungu na joto la Mungu mpaka mwenzake azoee. Atamshika nywele zake za fedha. Atafanana naye, ndipo mzungu atakapompenda. Kwa hiyo hata peponi mtoto mweusi ni mwavuli. Hamu ya usawa inaishia kuwa hamu ya kufanana, na anayepaswa kubadilika ni yule yule mmoja.

Lile la Countee Cullen la mwaka 1925 liko karibu zaidi na Hughes. Mtoto wa miaka minane yuko Baltimore, amejaa furaha, anamtabasamia mtoto mzungu wa rika lake, na mwenzake anamtolea ulimi na kumwita kwa lile tusi la rangi. Anasema alikaa mjini humo tangu Mei hadi Desemba na hilo tu ndilo analolikumbuka. Cullen hapambi, na vina vyake vyepesi kama vya wimbo wa kuchezea vinafanya neno lile moja ligonge kama jiwe. Hata hivyo mtoto wa Cullen anabaki na jeraha, nasi wasomaji tunabaki na huruma. Kwa Hughes hatupewi jeraha la kulifunga. Tunapewa swali, na mwenye kulijibu si mtoto.

Huruma ina historia yake katika jambo hili, na haikuwa bure. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wadogo midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi mzuri, upi mbaya, na mwishowe upi unafanana nawe. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na baadhi walipofika swali la mwisho walifadhaika. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa utafiti uliotajwa Mahakama Kuu ilipobatilisha utengano katika shule za umma tarehe 17 Mei 1954, katika kesi iliyobeba jina la Topeka, Kansas. Topeka hiyo hiyo ndiko mama yake Hughes alikopambana ili mwanawe aandikishwe shule iliyokuwa ya weupe. Hukumu ilisema kuwatenga watoto kunawatia hisia ya kuwa duni. Kisheria ilikuwa hoja ya ushindi. Tatizo ni kwamba picha ya mtoto aliyevunjika moyo ilituingia sana, kiasi kwamba mtoto aliyesimama wima mbele ya bembea, asiyejiona duni hata kidogo, tunamshusha magotini ili afanane na picha tuliyoizoea.

Kuna atakayenikumbusha kwamba watoto walilia kweli. Walilia. Martin Luther King, katika barua aliyoandika jela ya Birmingham Aprili 1963, anaeleza jinsi ulimi unavyomkwama akimfafanulia binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda Funtown, kiwanja cha michezo alichokiona kwenye tangazo la televisheni, na machozi yanavyomjaa mtoto akiambiwa kimefungwa kwa watoto weusi. Sikatai machozi hayo. Ila hapo anayesimulia ni baba, na analiandika kwa wachungaji waliomshauri awe na subira. Hughes angeweza kuandika machozi, na alichagua kuyaacha nje ya lango.

Mwendesha bembea hakujibu ndani ya shairi, lakini alijibu nje yake. Tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard walikwenda kiwanja cha michezo cha Glen Echo, Maryland, nje kidogo ya Washington. Bembea ya pale ina farasi, sungura, mbuni, simba, twiga. Wanafunzi walikuwa na tiketi walizonunuliwa na rafiki zao weupe. Wakachagua wanyama wao, wakaketi, wakasubiri ianze kuzunguka. Haikuzunguka. Akaja mlinzi, akawapa dakika tano waondoke. Mlinzi huyo huyo alimuuliza kiongozi wao ni wa rangi gani, naye akajibu kwamba yeye ni wa jamii ya binadamu. Watano wakakamatwa kwa kosa la kuingia kwenye mali ya mtu bila idhini. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1964 hukumu zao zikafutwa kwa sababu ya kitu kidogo sana: mlinzi, pamoja na kulipwa kwa ajili ya kiwanja, alikuwa pia naibu wa mkuu wa polisi wa kaunti, na alipokamata alitumia mamlaka ya dola.

Kwa hiyo jibu lilikuwepo, tena la kiufundi kabisa. Kwenye bembea isiyo na nyuma, watu wanatengwa kwa kuizima.

Nje kidogo ya Baltimore, mji wa yule mtoto wa Cullen, palikuwa na kiwanja kiitwacho Gwynn Oak kilichowafungia nje weusi kwa miaka mingi. Tarehe 4 Julai 1963 watu zaidi ya 280 walikamatwa wakiandamana langoni pake, wakiwemo viongozi wa dini. Wenye kiwanja wakakubali kukifungua kwa wote. Siku waliyofungua ikaangukia tarehe 28 Agosti, siku ile ile watu wapatao 250,000 walipokusanyika Washington na King akasimama kuhutubia. Dunia nzima inakumbuka ya Washington. Bembea ya Gwynn Oak ilikuja kununuliwa mwaka 1981 na kupelekwa huko huko Washington, ikawekwa kwenye National Mall, uwanja ule ule uliojaa waandamanaji siku hiyo.

Mtoto mweusi wa kwanza kuipanda siku hiyo ya Agosti alikuwa wa kike. Baba yake alisimama kando ya farasi akimshika asianguke. Hakuuliza sehemu ya weusi iko wapi, na hata angetaka asingeweza. Alikuwa na miezi 11, bado hajaanza kusema.